Zima Friji Kwanza

Sebule ya nyumba ya kupanga, Sinza, saa nne asubuhi. Taa mbili zimewashwa, kamera iko juu ya miguu yake mitatu, na mwigizaji anayecheza mama mkwe amekaa kwenye kochi, kanga kiunoni, akisubiri kuambiwa aanze. Watu kumi na wawili wamebana pumzi. Nyuma ya pazia la mlango, friji inanguruma. Hakuna anayeisikia, maana sikio la binadamu likishazoea mlio hulipuuza. Maiki haizoei kitu. Usiku edita anavaa hedifoni na kukuta kila kipande kina mngurumo, na kibaya zaidi ni kwamba friji hujizima na kujiwasha yenyewe. Mama mkwe anauliza swali friji ikinguruma, mkwe anajibu friji ikiwa kimya. Ukiviunganisha vipande hivyo, sauti inakatika katikati ya maongezi kama redio inayotafuta stesheni.

Dawa yake ni ya bure. Zima friji kabla ya teki ya kwanza, yaani kabla kamera haijaanza kupiga, kisha funguo za gari lililowaleta ziweke ndani ya friji hiyo hiyo. Hakuna atakayeondoka bila kuifungua, na akiifungua atakumbuka kuiwasha. Nyama ya mwenye nyumba ikiharibika, hiyo lokesheni mmeaga, na habari itawatangulia kwenye mtaa unaofuata.

Mtu akisema anataka kutengeneza filamu huru, swali la kwanza analopigwa ni la kamera. Swali hilo limechuja. Kamera ndogo ya kukodi inatoa leo picha ambayo miaka ishirini iliyopita ilihitaji gari zima la vifaa. Filamu zetu zinavunjikia kwenye vitu ambavyo havipigwi picha: mngurumo, ratiba, sahani ya wali, karatasi ambayo haikusainiwa. Huko ndiko pesa ya mfukoni iende kwanza.

Na neno lenyewe, huru. Wengi wanalitumia kumaanisha filamu ya pesa kidogo. Pesa kidogo ni hali tu, hata mtumwa anayo. Uhuru uko kwenye masta, yaani nakala mama ya filamu: nani anayo filamu kamili, na nani ana haki ya kuiuza tena. Miaka ya 2000, sinema ya Bongo ilipochangamka kwenye kanda na baadaye DVD, mtu aliweza kupiga filamu kwa wiki mbili, ikaingia Kariakoo, ikasambaa hadi Bujumbura na mashariki ya Congo. Lakini mtindo uliozoeleka ulikuwa kuuza masta moja kwa moja. Prodyuza anapokea fungu moja la pesa, anakabidhi filamu na haki zake zote, basi. Filamu iuze nakala elfu tano au laki mbili, kwake ni yale yale. Stempu za kodi za TRA zilipoanza kubandikwa kwenye kazi za filamu na muziki mwaka 2013, zilisaidia kutenganisha nakala halali na feki, ila hazikumrudishia masta mtu aliyekwisha kuiuza. Halafu flashi na simu zikaimaliza DVD yenyewe.

Ukitaka kubaki na masta yako, filamu lazima iwe ya ukubwa ambao mfuko wako unaubeba mpaka mwisho. Filamu iliyokwama katikati huishia kuuzwa kwa yeyote mwenye pesa ya kuimalizia, na huyo ndiye atakayepanga masharti. Kwa hiyo hesabu inaanzia kwenye skripti.

Ukurasa mmoja wa skripti iliyopangwa vizuri ni kama dakika moja kwenye skrini. Kundi dogo linalojua kazi, lenye kamera moja, linapiga kurasa nne hadi tano kwa siku. Skripti ya kurasa 90, kwa tano kwa siku, ni siku 18. Anayekuambia atamaliza kwa siku saba atapiga kila sini kwa pembe moja, wahusika wamesimama kwenye mstari kama wanapiga picha ya harusi, na edita hatakuwa na pa kukata.

Lakini kurasa hazifanani. Ukurasa wa watu wawili wanaobishana jikoni unakwisha kwa saa mbili. Ukurasa huo huo ukiwa ndani ya daladala inayotembea unaweza kumeza siku nzima: gari likodiwe, abiria wa kuigiza walipwe, mwanga wa dirishani unabadilika kila kona, konda halisi wa gari la jirani anapiga debe katikati ya maneno ya mapenzi, na foleni ya Ubungo haimjui dairekta. Wahusika hao hao wakiwekwa kituoni, wakiisubiri daladala ambayo haiji, maneno yanabaki yale yale, na mara nyingi sini inanoga zaidi kwa sababu hawana pa kwenda. Pitia skripti na kalamu nyekundu, uzungushie kila penye usiku, mvua, mtoto mchanga, mnyama, gari linalotembea na umati wa watu. Vikizidi sita, andika upya. Lokesheni nazo zisizidi tano au sita, maana kila kuhama kunakula saa mbili hadi tatu: kufungua, kupakia, foleni, kushusha, kufunga tena.

Siku 18 ziwe mfululizo. Kupiga Jumamosi na Jumapili kwa miezi minne kunaonekana nafuu kwa sababu watu wana kazi zao, lakini huko ndiko nywele zinapoharibu filamu. Dada mkuu amesuka twende kilioni kwenye sini ya mlangoni. Wiki tatu baadaye mnapiga sini ya ndani, inayofuata sekunde moja tu baada ya ule mlango, na yeye amefumua kwa ajili ya harusi ya binamu yake. Msusi mpya hasuki kama yule wa kwanza. Iandikwe kwenye mkataba kwamba mtindo wa nywele, ndevu na kucha haubadilishwi mpaka siku ya mwisho, namba ya msusi iwekwe, na kila mwigizaji apigwe picha ya simu mbele, nyuma na ubavuni mwisho wa kila sini. Kwenye hizo picha angalia pia glasi ya juisi ilifika wapi na kanga ilifungwa upande gani.

Sasa sahani. Tuchukue kundi la watu 28, waigizaji kumi na mafundi kumi na wanane, wanaokula mara mbili kwa siku. Ukipatana na mama lishe kwa shilingi 3,000 kwa sahani, hiyo ni 168,000 kwa siku, na kwa siku 18 ni 3,024,000. Ongeza maji, kwenye joto la Dar si chini ya lita mbili kwa kichwa. Wengi huikata hesabu hii wanapotaka kukodi lenzi nzuri, wakidhani watu watajitegemea. Saa nane mchana kundi linatawanyika kutafuta chipsi, linarudi moja moja, na kazi inaanza saa tisa na nusu, jua limeshahama dirisha. Bajeti isiyo na fungu la asilimia kumi la dharura nayo ni ndoto iliyopigwa chapa. Betri itakufa, kiatu cha mhusika kitakatika, LUKU ya mwenye nyumba itaisha katikati ya teki. (Nunua umeme wako mwenyewe na uingize kwenye mita yake asubuhi. Ni pesa ndogo, na heshima yake inadumu.)

Siku ya kwanza usipange sini ya kilio. Kundi bado halijajuana, fundi sauti hajui nani anapayuka na nani ananong'ona, na mwigizaji atamwaga machozi yake yote kwenye teki tatu ambazo zina kasoro za kiufundi. Anza na watu wanaopita, wanaofungua milango, wanaokunywa chai.

Vibali ni habari fupi ila ina ncha. Tanzania Bara, filamu inahitaji kibali cha Bodi ya Filamu chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na ikikamilika irudi kukaguliwa na kupangiwa daraja la umri. Zanzibar ina chombo chake, BASSFU, kwa hiyo karatasi ya Dar haikusaidii ukishuka bandarini Malindi. Mhusika akivaa sare ya polisi au akishika bunduki, hata ya mbao, zungumza na polisi wa eneo hilo mapema na kwa maandishi. Droni ina kibali chake kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Lakini karatasi inayofanya kazi zaidi kila siku ni barua ya serikali ya mtaa, ikiwa na muhuri, na mwenyekiti mwenyewe amesalimiwa uso kwa uso. Kijana anapoanza kupiga honda resi nyuma ya ukuta akitaka hela ya soda, cheti cha Bodi hakimtishi. Simu ya mwenyekiti inamtuliza.

Turudi kwenye sauti, maana hapo ndipo penyewe.

Watazamaji wetu wamelelewa na sauti. Vizazi kadhaa viliingia vibanda umiza kutazama sinema za Kihindi na za Kichina huku sauti za kina Lufufu zikitafsiri, zikichekesha, zikimtukana adui kwa niaba ya ukumbi. Picha ilikuwa nakala ya nakala, ina mistari na mvua, na watu walilipa. Mtazamaji wa namna hiyo atavumilia picha yenye giza. Akilazimika kuuliza jirani yake "kasemaje?" mara tatu, anatoa simu.

Kanuni ya kwanza ni umbali. Maiki iliyo juu ya kamera, mita tatu kutoka kwa msemaji, inachukua chumba na si mtu. Kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti ya mwigizaji inapungua nusu, lakini ukuta, feni na barabara vinabaki pale pale. Maiki ya bumu, ile ya kwenye fimbo ndefu, iliyoshikwa juu ya kichwa, ikielekea kifuani, sentimita 40 hadi 60 kutoka mdomoni, inaishinda maiki ghali iliyo mbali. Anayeishika fimbo awe mtu mmoja tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, asiwe yeyote aliyekaa bure, kwa sababu anatakiwa kuyajua maongezi na kuanza kuigeuza maiki kabla mtu wa pili hajafungua mdomo. Rikodi kwa kilohazi 48, biti 24. Kiwango kicheze kati ya desibeli -18 na -12 katika maneno ya kawaida, mtu akipiga kelele kisiguse sifuri. Sauti iliyopasuka kwa kuzidi kiwango haishoneki tena.

Maiki ndogo za kifuani zinasaidia kwenye sini za kutembea, lakini nguo ndiyo inayoamua. Kanga na kitenge cha pamba havina kelele kubwa. Baibui la kitambaa cha plastiki linakwaruza kila mtu akipumua, na shati jipya lenye wanga linasikika kama mtu anakunja gazeti. Bandika maiki kwa plasta ya hospitali ili ngozi, maiki na nguo vitembee pamoja, na uache kitanzi kidogo cha waya chini yake, waya ukivutwa uvute kitanzi. Chini ya hijabu sauti huwa nzito kidogo, na edita anaweza kuirekebisha. Mkwaruzo haurekebishiki.

Kelele za mahali zina saa zake, na ratiba ya siku lazima izijue. Dar, adhuhuri inaadhiniwa kama saa sita na nusu, alasiri kwenye saa tisa na nusu, magharibi kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano kutegemea mwezi. Misikiti ikiwa mitatu, azana haianzi kwa sekunde moja, hivyo toa robo saa. Chakula cha mchana kiwekwe adhuhuri, watu waswali, wale, na hakuna dakika iliyopotea. Shule ya msingi jirani ina kengele ya mapumziko. Kanisa la uamsho lina Jumatano jioni. Mwenye gereji anaanza kugonga saa tatu. Nenda ukakae kwenye lokesheni siku moja kabla, siku ile ile ya wiki na saa zile zile, ufumbe macho na kuandika unachosikia. Kazi ya dakika arobaini inaokoa siku mbili. Na kunguru wa Dar hawana ratiba, kwa hao omba Mungu.

Mabati nayo. Asubuhi jua linapoanza kuyapiga yanatanuka na kugonga tik-tik, jioni yanaposinyaa yanarudia. Masika, Machi hadi Mei, nyumba ya bati isiyo na dari haifai kwa maongezi. Ndiyo maana wengi hupiga kati ya Juni na Septemba, na hapo ufukweni kusi inavuma kwa nguvu na maiki isiyo na koti la manyoya inarikodi dhoruba. Sakafu ya marumaru na kuta tupu zinatoa mwangwi. Tundika mablanketi nje ya fremu, simamisha godoro nyuma ya kamera, tandika jamvi chini ya miguu ya waigizaji. Jenereta, kama haikwepeki, ikae angalau mita hamsini, nyuma ya ukuta wa jirani, na waya uwe mnene, maana mwembamba hupoteza umeme njiani na unapata joto. Taa za LED zinazokula wati 60 hadi 200 zimefanya jenereta kuwa ya lazima mara chache tu, kwani nyingi zinakwenda kwa betri.

Kabla ya kufunga kila lokesheni, watu wote wasimame walipo, na fundi arikodi dakika moja ya ukimya wa chumba. Kila chumba kina ukimya wake, na edita anautumia kama saruji ya kuziba nyufa kati ya vipande. Dakika hiyo ndiyo ngumu kuliko zote kuipata, kwa sababu kila mtu ameshasikia neno "tumemaliza" na anatafuta begi lake. Isitangazwe kwamba mmemaliza kabla haijarikodiwa.

Na tafadhali usitegemee kurudia sauti studio. Inawezekana, inafanyika, lakini mwigizaji aliyelia uani mwezi Juni hatalia vile vile mbele ya maiki mwezi Novemba, midomo haitapatana, na sauti itatoka kama mtu anaongea ndani ya ndoo.

Picha ina mitego michache tu ikishajulikana. Umeme wetu ni wa mizunguko 50, kwa hiyo piga fremu 25 kwa sekunde, shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) 1/50. Ukiiacha kamera kwenye fremu 30 na 1/60 kama ilivyotoka dukani, taa za tyubu na bango la duka vitapiga mistari inayotembea. Simu inaweza kupiga picha nzuri, lakini programu yake ya kawaida hubadilisha idadi ya fremu yenyewe, na baada ya dakika tano midomo na sauti vimeachana. Tumia programu inayoshikilia 25, au geuza faili zote kuwa fremu zisizobadilika kabla ya kuhariri. Jua la Dar linakuwa utosini kabisa mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, na hata miezi mingine kuanzia saa tano hadi saa tisa macho ya mtu yanakuwa mashimo mawili meusi. Saa hizo ingieni ndani, au mpige chini ya mwembe, au mtandaze kitambaa cha marekani juu ya fremu ya mabomba, nje ya picha. Ukipima mwanga, pima uso wa mhusika na si ukuta mweupe ulio nyuma yake. Ukuta ukiungua kidogo hakuna atakayeulizia. Na machweo yetu ni ya haraka, jua linazama wima, ule mwanga wa dhahabu ni kama nusu saa, kwa hiyo fanya mazoezi kabla na upige sini moja, si tatu.

Kamera inayorikodi megabiti 100 kwa sekunde inajaza gigabaiti 45 kwa saa. Filamu ya dakika 90, ukipiga mara nane ya urefu wake, ni saa 12, gigabaiti 540. Ina maana diski mbili za terabaiti moja, si moja ya mbili. Kadi haifutwi mpaka nakala mbili zipo na mtu amefungua faili tatu au nne za kila nakala akaziona zinacheza. Mwenye kazi hiyo awe mmoja, asiyechoka na asiyependa stori, na diski ya pili ilale nyumba nyingine kila usiku, kwa shangazi, kwa yeyote, mradi isiwe kwenye begi moja na ya kwanza. Mwizi wa begi hachagui.

Uhariri unaweza kufanyika kwa programu ya DaVinci Resolve toleo la bure, kwenye kompyuta ya kawaida, ikiwa utatengeneza kwanza nakala nyepesi za kufanyia kazi. Ongeza UPS, betri ya kushikilia kompyuta, maana umeme unakatika. Toleo la kwanza litakuwa refu na baya. Hiyo ni kawaida yake. Lionyeshe kwa watu wasiowajua waigizaji, uani, ukutani, kwa projekta ya kuazima. Wewe kaa ubavuni, uiache filamu na utazame nyuso zao. Andika dakika ambayo simu zinawaka na dakika ambayo mtu anamwambia mhusika "usiende!" Ukiwauliza baadaye watakuambia nzuri, hongera, kwa sababu wamelelewa vizuri. Simu zao zilishakuambia ukweli.

Tafsiri ya chini ya picha usiikabidhi kwa mashine. Mistari miwili, herufi zisizozidi 42 kwa mstari, isikae chini ya sekunde moja wala zaidi ya saba. "Pole" itakusumbua. Mtu aliyefiwa, aliyejikwaa na aliyetoka kazini wote wanaambiwa pole, na Kiingereza kinataka neno tofauti kwa kila mmoja. Na utoe pia toleo safi la filamu lisilo na maandishi yoyote, maana mnunuzi wa lugha nyingine atalitaka.

Tumefika kwenye karatasi, mahali masta inapookolewa au kupotea. Hakimiliki inakuwepo kazi inapotengenezwa, na kujisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi siku ya ugomvi. Lakini hakimiliki ya filamu imejaa vipande vya watu wengine. Mwandishi wa skripti asaini kukupa haki. Kila mwigizaji asaini, hata aliyepita na ndoo, na wa chini ya miaka 18 asainiwe na mzazi. Mwenye nyumba asaini. Mchoraji wa tingatinga uliyoiacha ukutani kwenye sini nzima ana kazi yake pale. Na wimbo: ule wa Bongo Fleva unaopigwa kwenye sini ya baa una haki mbili, ya utunzi na ya rekodi, mara nyingi kwa watu wawili tofauti, na ruhusa ya rafiki yako msanii haitoshi kama rekodi ni ya lebo. YouTube itautambua wimbo huo peke yake, na pesa ya matangazo inaweza kuelekezwa kwa mwenye wimbo. Televisheni nayo itakurudishia filamu. Kinanda cha kijana wa mtaani aliyetunga kwa ajili yako, kwa mkataba wa ukurasa mmoja, kina thamani kuliko hit ya kuiba.

Kuna ahadi inayovunja urafiki zaidi ya zote: "tutalipana filamu ikiuza." Ahadi hiyo ikiandikwa kama asilimia tano ya faida, piga hesabu hadharani. Filamu imegharimu milioni 30, imeuzwa televisheni kwa milioni 12. Faida ni sifuri, na asilimia tano ya sifuri anaijua kila mtu. Muigizaji hataona hesabu, ataona uso wake kwenye TV. Ni heri kuahidi asilimia ndogo inayotoka kwenye kila shilingi inayoingia, kuanzia ya kwanza, na kuwaonyesha wote karatasi ya mauzo kila baada ya miezi sita.

Mnunuzi akija, usiuze filamu, kodisha haki. Mkataba useme nchi zipi, njia ipi, miaka mingapi, na kama ni yeye peke yake au la. Televisheni ya Afrika Mashariki kwa miaka miwili ni kitu kimoja. Mtandao kwa Waswahili wa Muscat, London na Minneapolis ni kitu kingine, na ndege ni kingine tena. Ukiona maneno "haki zote, duniani kote, milele", hapo tumerudi Kariakoo ya DVD. Wataomba pia muziki na milio vitengwe na maongezi kwenye faili yake, ili waingize lugha nyingine. Ukimwachia edita aviunganishe vyote bila kuhifadhi mafungu, kazi hiyo inaanza upya. Ukubwa wa sauti nao una kipimo, kinaitwa LUFS: vituo vinavyofuata kanuni ya Ulaya vinataka -23, YouTube inashusha chochote kinachozidi karibu -14.

Matamasha yana mlango wake. ZIFF ya Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 1997, huonyesha filamu usiku Ngome Kongwe, chini ya nyota, watu wakicheka kwa sauti. FESPACO ya Ouagadougou ipo tangu 1969. Matamasha makubwa mengi hayataki filamu iliyokwisha wekwa mtandaoni, kwa hiyo anayekimbilia YouTube wiki ya kwanza anakuwa amejifungia milango asiyoijua. Njia ya matamasha inapitika: mwaka 2021 Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto ikiwa inazungumza Kiswahili. Ukumbi wa sinema utataka faili ya DCP, ile inayosomwa na projekta za sinema. Programu ya bure ya DCP-o-matic inaitengeneza, na filamu ya dakika 90 inaweza kufika gigabaiti 80 hivi, hivyo usipange kuituma kwa bando la simu usiku wa mwisho. Omba dakika kumi za majaribio ukumbini. Sikiliza kama maongezi yanatoka spika ya katikati na tazama kama tafsiri haijakatwa ukingoni.

Malipo ya kazi hii, kwa wengi, hayaji kwa mkupuo. Yanakuja kama kodi ya chumba cha nyuma: kidogo, kisha kidogo, kutoka filamu ambayo hakuna mfadhili aliyekulazimisha kuweka daktari wa kutoa somo dakika ya sabini. Leseni ya miaka miwili ikisainiwa leo, fungua kalenda ya simu sasa hivi na uweke kengele siku 90 kabla haijaisha. Siku hiyo utatafuta toleo safi, mafungu ya sauti na mikataba yote 40, na diski ya mezani itakuwa imekufa. Ile iliyolala kwa shangazi iwashe kila miezi sita, na baada ya miaka mitatu au minne ihamishie kwenye mpya.